Rungwa, siyo Rungwe

Kwanza tuwekane sawa kuhusu jambo moja linalonifuata tangu niko chuo. Kwetu upande wa mama ni Rungwa. Siyo Rungwe. Nikimwambia mtu hapa Dar kwamba mama yangu katoka Rungwa, jibu linakuja palepale: "Aah, kwa Wanyakyusa! Tuletee ndizi basi." Nikisema hapana, ni Rungwa ya Singida, uso wa mtu unabaki mtupu. Singida anaijua kwa kuku na alizeti. Rungwa hajawahi kuisikia.

Simlaumu. Rungwe ni mlima wa volkano mkoani Mbeya, kilele chake kinakaribia mita 3,000. Udongo wake mweusi unaotesha chai, kahawa, ndizi na viazi, na mvua ndiyo usiseme. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba msitu wa mlima ule una nyani ambaye sayansi haikuwa imemwandika bado, kipunji, na jina la Rungwe likatembea dunia nzima. Mahali pa namna hiyo panajitangaza penyewe.

Rungwa ni kitu kingine. Ukishuka Itigi kwenye Reli ya Kati, Itigi ile yenye Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, unageukia kusini na kuanza kula vumbi. Unakula vumbi mpaka unasahau rangi ya shati lako. Mwisho wa yote unafika kijiji kilicho njia panda: barabara moja inakwenda Tabora kupitia Ipole na Sikonge, nyingine inashuka Makongolosi na Chunya mpaka Mbeya. Hapo ndipo kwetu. Hakuna mlima wa volkano. Chini kuna miamba ya graniti, sehemu ya bara kongwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na juu yake mchanga usiokuwa na shukrani. Kinachostawi pale bila kubembelezwa ni miombo. Na palipo na miombo pana nyuki.

Kwa nini nawaletea habari za Rungwa leo? Kwa sababu ya mvinyo. Msishtuke, nafafanua.

Mwaka jana mhariri wangu alinituma Dodoma kuandika habari ya zabibu. Maneno mia sita, picha mbili, basi. Nilipokuwa najiandaa, rafiki yangu anayesoma Padova, kaskazini mwa Italia, aliniambia habari za vilima vilivyo jirani na mji wake. Vinaitwa Colli Euganei. Ni vilima vya volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, vimechomoza katikati ya tambarare kama vichuguu shambani. Kirefu kuliko vyote, Monte Venda, kina mita 601 tu. Kwa mtu aliyezoea Kilimanjaro na Meru hicho ni kilima cha kuchezea watoto. Lakini Wataliano wamekifanyia mambo.

Mwaka 1969 mvinyo wa vilima vile uliwekewa ulinzi wa kisheria. Maana yake ni kwamba huwezi kuandika jina la vilima vile kwenye chupa kama zabibu zako hazikulimwa ndani ya mstari uliochorwa kwenye ramani, na kwa masharti yaliyoandikwa. Mwaka 1989 eneo lilelile likafanywa hifadhi ya mkoa. Mwaka 2024 UNESCO ikaliingiza kwenye orodha ya hifadhi hai za dunia, zile ambazo watu wanaishi na kufanya kazi humohumo. Wana hata mshairi wao: Francesco Petrarca alifia kwenye kijiji kimoja cha vilima hivyo mwaka 1374, na kijiji kile, Arquà, leo kinabeba jina lake.

Angalieni jambo lililonigusa. Pale hifadhi na chupa vinategemeana. Mkulima anajua kwamba akiruhusu vilima vichimbwe kokoto na kujazwa magorofa, jina lililo kwenye chupa yake litapoteza thamani. Mtu wa hifadhi naye anajua kwamba mkulima akishindwa kuuza mvinyo atauza shamba, na shamba litageuka maegesho ya magari. Kwa hiyo kila mmoja ana sababu yake ya kumtakia mwenzake mema. Hawapendani, lakini wanahitajiana. Ukweli ni kwamba kuhitajiana hudumu kuliko kupendana.

Nikaenda Dodoma na wazo hilo kichwani. Dodoma haina volkano. Ina ukame, mchanga na jua. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, pale Bihawana, ndio wanaotajwa kuwa waanzilishi wa zabibu, na naamini walichotaka kwanza kilikuwa divai ya altareni. Leo zabibu ziko Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Chinangali na kwingineko. Kuna kituo cha utafiti Makutupora, na aina ya zabibu nyekundu inayobeba jina hilohilo. Ajabu ya Dodoma ni kwamba mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Mtaliano na baridi yake hakipati. Wakulima wana vilio vyao vya soko na bei, na hivyo ndivyo nilivyoandika gazetini. Lakini jambo moja halina ubishi: ukisema "mvinyo wa Dodoma", Mtanzania yeyote anajua unasema nini. Ardhi kavu isiyokuwa na lolote imepata jina.

Nikiwa kwenye basi kurudi nikajiuliza: je, kwetu?

Kwetu kuna mvinyo pia. Unaitwa wanzuki. Wengi wenu mnaujua kutoka vilabuni Tabora, Mwanza na hata uswahilini hapa Dar, na najua wengine mmeshaanza kucheka. Wanzuki umepewa sifa ya pombe ya walevi wasio na hela. Lakini tuache dharau tuangalie kitu chenyewe. Wanzuki ni asali iliyochachuka. Asali ikiwa peke yake haichachi, kwa sababu sukari yake imezidi asilimia 70 na maji yake ni kidogo mno, hamira haiwezi kufanya kazi humo. Ukiichanganya na maji ya vuguvugu na chachu ya pombe iliyotangulia, ukaifunika mahali penye joto, baada ya siku kadhaa unapata kinywaji cha rangi ya dhahabu chenye ukali na utamu kwa pamoja. Waethiopia wana ndugu yake, tej, na wanamkaribishia mgeni wa heshima kwenye chupa nzuri ya kioo yenye shingo ndefu. Sisi tunamnywea kwenye kopo la plastiki nyuma ya nyumba.

Mama yangu mkubwa alikuwa fundi wa wanzuki. Alikuwa akionja asali kwa ncha ya kidole kabla ya kununua, kisha anakwambia imetoka upande gani wa kijiji na msimu gani. Ile iliyorinwa baada ya masika aliipenda kwa pombe. Ile ya mwishoni mwa mwaka, wakati miombo imechanua kabla ya mvua, aliiweka ya kula na ya dawa. Kwa hiyo na sisi tuna mavuno mawili, kama Dodoma. Baadaye nikasoma kwamba huko Ulaya kuna watu wanaolipwa mishahara kwa kuonja mvinyo na kusema umetoka kwenye kilima gani. Mama mkubwa hakulipwa na mtu.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, maana hapa ndipo pana uzito.

Jirani wa kijiji chetu ni Pori la Akiba Rungwa. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 9,000, yaani Unguja na Pemba kwa pamoja zingeingia humo zaidi ya mara tatu. Limepakana na mapori ya Kizigo na Muhesi, na kusini Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Historia yao imefungamana: Wajerumani walitenga hifadhi ya wanyama upande huo mwaka 1910, Waingereza wakaipa jina la Rungwa mwaka 1946, na mwaka 1964 sehemu ya kusini ikamegwa kuwa Ruaha. Ukanda wote huu ni moja ya ngome kubwa za simba waliobaki duniani. Kuna tembo, mbwa mwitu, palahala, korongo na tandala. Na kuna mbung'o, ambaye amelinda pori lile kuliko askari yeyote kwa kuwafukuza ng'ombe.

Lakini pori lile halikuzaliwa tupu. Hii ni nchi ya Wakimbu. Karne ya 19 hapa alitawala Nyungu ya Mawe, mtemi wa vita aliyefariki mwaka 1884 na ambaye padri na mwanahistoria Aylward Shorter alimwandikia kitabu kizima. Wakimbu waliishi kwenye vijiji vidogovidogo vilivyotawanyika msituni, wakilima kidogo, wakiwinda, wakirina asali. Utawala wa kikoloni ulipopambana na malale ulihamisha watu wengi magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa ili kuwatenga na mbung'o. Mashamba ya zamani yakarudi kuwa msitu. Ndipo ramani zikaja kuonyesha pori "lisilo na watu".

Mzee yeyote wa kwetu atakwambia babu yake alikuwa na mizinga mahali ambapo leo huruhusiwi kukanyaga bila kibali cha maandishi. Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayetaja nyumba aliyowahi kupanga.

Mdogo wake mama, mjomba wangu, ana mizinga kama sabini. Yote iko nje ya mpaka wa pori, kwenye msitu wa upande wa kijiji. Mingi ni ya magome na magogo, michache ni ya kisasa yenye viunzi aliyoipata kwenye kikundi. Mzinga wa gome una kasoro, maana ili kuupata lazima uvue mti ngozi na mti ule unakufa. Mjomba anajua, na ndiyo maana kila mwaka anapunguza. Anaitundika juu kwenye mitundu na mininga, anapanda kwa kamba usiku, na moshi wake, na suruali mbili mwilini. Nilimfuata mara moja. Nyuki wetu hawana mzaha. Niliumwa mpaka jicho likafunga na mjomba akacheka kistaarabu, yaani alinipa mgongo kwanza.

Asali inapotoka pale inakwenda wapi? Sikilizeni. Inatiwa kwenye vidumu vya lita tano na madumu ya lita ishirini. Mnunuzi anakuja na gari, anapanga bei yeye, anaondoka. Ikifika mjini inaitwa "asali ya Tabora". Mjomba alishawahi kuja Dar kwa matibabu, akakaribishwa chai kwa ndugu yetu mmoja Tabata, akaonja asali mezani, akauliza imetoka wapi. Akaambiwa Tabora. Akaonja tena, akanyamaza. Tulipotoka akaniambia, "Mjomba, ile ni ya kwetu." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo. Sikuwa na njia ya kuthibitisha, lakini mtu aliyelelewa nyumba moja na mama mkubwa nitambishia nini?

Sina ugomvi na Tabora. Wamefuga nyuki kwa heshima, wana chuo cha ufugaji nyuki, wana ushirika wa tangu enzi za Uhuru, na nta ya nyanda zile ilikuwa ikisafirishwa Ulaya tangu wakati wa Mjerumani. Jina lao wamelifanyia kazi. Swali langu ni kwa nini msitu wetu ufanye kazi kwa jina la mwingine.

Na hapa ndipo familia yetu ilipofikia pabaya.

Mtoto wa kwanza wa mjomba, binamu yangu, ni mtu wa rika langu. Ana mke na watoto wawili. Alitaka baba yake amgawie heka kumi na mbili za ule msitu ang'oe visiki alime ufuta, na sehemu nyingine akate mkaa apate mtaji. Hakuwa mwendawazimu. Ufuta una mnunuzi. Tumbaku ina mnunuzi, na jirani zao Sikonge na Chunya wanailima, ingawa kuikausha kunameza kuni kama tanuri. Mkaa una mnunuzi anayekuja mpaka mlangoni. Asali ina mnunuzi mmoja, naye anakuja akipenda. Kikao kikaitishwa wakati wa likizo yangu. Nikakaribishwa kama msomi wa ukoo, kitu ambacho siku zote huwa na mtego ndani yake.

Mjomba alisikiliza wote. Kisha akanigeukia.

"Mjomba, wewe unaandika magazeti. Hebu tuambie, huko mjini mti unauzwaje?"

Nikamjibu ukweli. "Shikamoo yako mjomba, lakini mti uliosimama hauuzwi. Unauzwa ukishalala."

"Umesikia, baba?" akasema binamu yangu. Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa uchovu.

Kimya kilikuwa kirefu. Nikaanza kueleza habari za vilima vya Italia, mstari kwenye ramani, jina kwenye chupa. Nilieleza vizuri tu, na wazee waliniheshimu wakanisikiliza. Binamu yangu akaniuliza swali moja: "Hao Wataliano walianza na nini, jina au hela?" Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa miezi.

Jibu langu, ndugu zangu, ni kwamba walianza na jina lililokuwa tayari midomoni mwa watu, kisha sheria ikaliwekea uzio. Na hapo sisi hatuko nyuma hata kidogo. Nendeni soko lolote la Dar mkasikilize. Mchele wa Kyela. Dagaa wa Kigoma. Machungwa ya Muheza. Kuku wa Singida. Hakuna profesa aliyetufundisha. Mtanzania anajua kwamba chakula kina kwao, na yuko tayari kuongeza mia mbili kwa ajili ya kwao. Tatizo ni kwamba mia mbili hiyo inaishia kwa anayetamka jina. Aliye Kyela haimfikii. Mchele wowote unageuka wa Kyela ukishafika kwenye gunia lililoandikwa hivyo, na mkulima wa Kyela hana pa kulalamika.

Wako Waafrika walioshughulikia jambo hili. Ethiopia ilianza mwaka 2005 kusajili majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, kama alama zake za biashara huko nje. Starbucks wakavutana nao, na mwaka 2007 wakaafikiana. Zanzibar iliingiza ulinzi wa majina ya mahali kwenye sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008, na kila mtu alijua karafuu ndiyo inayofikiriwa.

Lakini mfano ulionikosesha usingizi uko Kamerun. Kuna mlima wa volkano unaitwa Oku, una mita 3,011 na ziwa ndani ya shimo lake. Mabega yake yamefunikwa na msitu wa Kilum-Ijim, mmoja wa misitu michache ya milimani iliyosalia Afrika Magharibi. Nyuki wa msitu ule wanatengeneza asali nyeupe kabisa. Mwaka 2013 asali nyeupe ya Oku ilipewa ulinzi wa jina na shirika la mali za ubunifu la nchi zinazozungumza Kifaransa, OAPI, pamoja na pilipili ya Penja, ambayo nayo inatoka kwenye udongo wa volkano. Kwa hiyo wafugaji nyuki wa Oku sasa wana karatasi inayosema kwamba asali hii haiwezi kuwepo bila msitu ule. Mti uliosimama umepata bei.

Mnaona ninapoelekea. Nyuki hajui mpaka. Anatoka kwenye mzinga wa mjomba, anavuka alama za pori bila kibali cha mtu, anakunywa kwenye maua ya miombo ambayo serikali inailinda kwa bunduki, anarudi nyumbani. Asali ya Rungwa ni zao la hifadhi hata kama hakuna binadamu aliyevunja sheria. Na upande wa pili ni kweli pia: msitu wa kijiji ukigeuka ufuta na mkaa mpaka kwenye alama za mpaka, pori litabaki kisiwa, na visiwa huliwa kingo. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ujangili uliua tembo wengi sana ukanda huu wa Ruaha na Rungwa, na askari walikuwepo. Askari hawezi kuwa nyuma ya kila mti. Jirani mwenye mzinga juu ya mti anaweza.

Wilayani kwetu tayari kuna Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, upande wa Itigi, iliyotengwa kwa ajili ya nyuki na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Sera ya ufugaji nyuki tunayo tangu 1998 na sheria tangu 2002. Mzee Pinda alipokuwa Waziri Mkuu alihubiri nyuki mpaka watu wakamtania. Kwa hiyo sisemi tuanze na mikono mitupu. Kinachokosekana ni kitu kidogo na kigumu: watu wa Rungwa kukaa chini na kukubaliana asali yao ni ipi, imetoka wapi, imerinwaje, na nani hana haki ya kulitumia jina.

Najua hoja za upande mwingine, na baadhi zina nguvu. Ya kwanza, jina bila uaminifu ni balaa. Akitokea mmoja akachanganya sukari guru, jina zima linaoza. Oku hawana karatasi tu, wana kanuni na watu wa kukagua. Ya pili, jina likianza kulipa wanakuja wakubwa. Tumeyaona mara ngapi? Mwenye mtaji anasajili kampuni, anaandika jina la kijiji chenu, na nyie mnakuwa vibarua wake. Kwa hiyo jina liwe la wafugaji wote, lisiwe la mtu. Ya tatu ni ya binamu yangu, nayo ndiyo nzito kuliko zote: mtoto akiugua usiku wa leo, jina la miaka kumi ijayo halinunui dawa.

Hiyo ya tatu sikuweza kuijibu kwa maneno kwenye kikao kile, na siwezi kuijibu hapa. Nilichoweza ni kuondoka na vidumu sita. Nilivipanda kwenye basi, nikaviuza kwa wenzangu kazini na kwa jirani zangu kwa bei iliyozidi ile ya mnunuzi wa gari, na hela yote nikaituma siku hiyohiyo kwa simu. Kwenye kila chupa nilibandika karatasi: Asali ya Rungwa, miombo, msimu wa masika. Watu wamerudi kuulizia, na wengine wameomba waletewe ya mwisho wa mwaka ili waonje tofauti. Nilipendekeza habari hii kwa mhariri. Akasema nzuri, lakini haina tukio. Ndiyo maana mnaisoma hapa.

Mjomba alitoa uamuzi wake wiki moja baada ya kikao. Heka nne binamu yangu alime. Nane zisimame misimu miwili, ya masika na ya mwisho wa mwaka, na hesabu za asali ziandikwe kwenye daftari ili mwisho wake walinganishe na ufuta kwa tarakimu, siyo kwa mdomo. Daftari anashika binamu yangu mwenyewe. Niliposikia hivyo nikajua mzee ana akili kuliko sisi wote, kwa sababu amemkabidhi hesabu yule mwenye mashaka. Msimu wa kwanza umeshaandikwa. Ufuta umeongoza, lakini si kwa mbali kama ilivyodhaniwa. Umebaki msimu mmoja.

Nisiwachoshe. Nina ombi moja tu kwenu, hasa nyie mnaonunua asali za kwenye chupa nzuri huko madukani. Mkishaambiwa ni asali safi, msiishie hapo. Muulizeni muuzaji imetoka msitu gani. Asipojua, mwambieni akaulize aliyemuuzia. Swali hilo likipanda ngazi moja baada ya nyingine, iko siku litafika kwa mtu aliye juu ya mtundu usiku, ana kamba kiunoni na moshi mkononi, na atakuwa na jibu.

Wikiendi njema.